Soma Kama Nilivyoandika

4 Februari

Kwa mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba miaka thelathini ya kuinamia cherehani si mchezo. Mpiga Pasi bado ninaye hapa karakana, bado anaunguza kola moja kila wiki na bado anasema ni kosa la pasi. Mama Vifungo naye yupo, kazi ya vifungo anaijua, na ya umbea anaijua zaidi. Wote wanakusalimu ingawa hawakujui.

Nisalimie baba yako, mwambie dawa ya kikohozi hainywewi siku anayojisikia tu. Wifi yangu mwambie lile gauni lake liko tayari tangu mwezi uliopita, na kama amenenepa aseme mapema.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nimekupigia simu mara sita tangu mwaka uanze. Unapokea, nasikia unavyohema, halafu inakatika. Mara sita! Baba yako ananiambia eti nikuandikie ujumbe. Simu yangu ni ile ya vitufe, na zile herufi zake na macho yangu hatuelewani. Basi nimeona nikuandikie kama walivyoandikiana watu zamani.

Nimekukosea nini, mwanangu? Mimi ndiye shangazi yako pekee. Mara ya mwisho ulipolala kwangu ulikuwa na miaka saba, na leo ni mtu mzima una kazi yako. Hata kile chumba cha nyuma ulichokuwa ukipenda kuchezea sasa ni stoo ya vitambaa, kabati lile kubwa limejaa mpaka milango haifungi. Nilitaka tu kusikia sauti yako.

Shangazi yako,
Fundi

16 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mama amesema barua huanza kwa salamu na habari za nyumbani, isipungue mistari mitano. Baba hajambo, kikohozi kimepungua. Mama hajambo, hajanenepa, amekasirika kidogo. Paka amezaa wanne, mmoja hana mkia. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo. Mimi ni mzima. Nimehesabu, inatosha.

Kwa habari ya simu hujanikosea. Nina usonji, hilo unalijua, Baba alikueleza. Ambalo huenda hukuelezwa ni jinsi linavyokuwa kwa ndani. Watu hudhani sina la kusema, ndiyo maana mkaniita Chiriku, mkacheka. Ninayo ya kusema. Maneno yote huwepo kichwani yamejipanga, lakini mdomo haupokei amri. Wakati mwingine hutoa neno jingine kabisa, nikataka maji nikasema "ndiyo ndiyo". Simu ni mbaya zaidi kwa sababu mtu anangoja, na namsikia anavyongoja.

Vidole vyangu vinatii. Nikichapa, ninachofikiri na kinachotokea ni kitu kimoja. Sijui kama ninyi mnahisi hivyo mkizungumza. Kama ndivyo, sasa naelewa kwa nini hamnyamazi.

Ulisema nina kazi yangu. Kazi yangu ni kutazama maji. Kila asubuhi saa moja naletewa chupa kumi na mbili kutoka kwenye matangi ya mji na moja kutoka mtoni. Naweka tone juu ya kipande cha kioo, natazama kwa hadubini. Katika maji ya mtoni kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na kila mmoja umejijengea ganda la kioo. Lipo la duara, lipo la pembe tatu, lipo jembamba kama sindano yako. Kila ganda lina vitundu kwa safu, na safu hazikosei hata kitundu kimoja. Hakuna aliyepima wala aliyechora kwa chaki. Elfu moja yanaweza kukaa juu ya kichwa cha pini. Siku ya kwanza kuyaona sikula chakula cha mchana. Huu ni mwaka wa nne na bado nikiweka jicho nasahau kupumua.

Kuna tatizo. Nipo kwa mkataba wa muda. Tarehe 20 Mei kuna usaili wa kuajiriwa moja kwa moja. Asiyepita anaondoka tarehe 30 Juni na anarudisha ufunguo wa maabara. Tangazo linasema usaili ni wa kuzungumza. Nimeomba kuchapa. Hawajajibu.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako

8 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, marahaba, marahaba. Moja ya barua na mbili za miaka yote niliyokudai.

Huku ni wazima. Mama Vifungo ameumwa jino wiki nzima na karakana ilikuwa na amani ambayo sijawahi kuiona.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama. Sikukaa, sijui kwa nini sikukaa. Mwanangu, hivi hayo yote yalikuwa ndani yako? Ulikuwa ukikaa chini ya meza yangu ya kukatia, kimya, unapanga vifungo kwa rangi, nami nikasema huyu mtoto wa watu hana habari na dunia. Kumbe! Vigamba vya kioo juu ya kichwa cha pini! Nilichukua pini nikaitazama dirishani mpaka mteja akaniuliza kama ninaona vizuri.

Sikuweza kukaa nayo peke yangu. Niliwasomea Mpiga Pasi na Mama Vifungo na wateja wawili waliokuwa wakipimwa, kwa sauti, kuanzia paka asiye na mkia mpaka mwisho. Mpiga Pasi alisahau pasi, ikaungua kola, na safari hii akakiri ni kosa lake. Nilijisikia fahari mpaka nikafunga karakana mapema.

Hilo la usaili lisikutishe. Ni maneno machache tu. Jikaze mwanangu. Kunywa maji ya uvuguvugu na asali, simama mbele ya kioo asubuhi na jioni, sema taratibu: naitwa fulani, kazi yangu ni hii. Mtu anayeandika hivi atashindwaje kusema? Ni woga tu.

Shangazi yako anayekuombea

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Paka asiye na mkia amefungua macho. Wengine wote ni wazima.

Barua ile niliiandika kwako. Hao wanne sikuwaandikia. Nikichapa huwa nachagua nani anaingia. Usiwasomee watu tena.

Nilisimama mbele ya kioo nilipokuwa na miaka kumi, kumi na moja na kumi na mbili, kila siku, na mwalimu wa matamshi. Alikuwa mtu mwema. Baada ya miaka mitatu niliweza kusema sentensi nane. Bado naweza kuzisema. Hakuna hata moja inayohusu kitu ninachokipenda. Si woga. Woga ninao, na ninajua unavyofanana, lakini hiki ni kitu kingine.

Ofisi imejibu. Nitaruhusiwa kuchapa, lakini majibu lazima yasikike, yaingie kwenye kinasa sauti. Kwa hiyo lazima awepo msomaji wa kukaa pembeni yangu na kusoma skrini kwa sauti, na asiwe mfanyakazi wa pale. Nilijaribu sauti ya kompyuta. Inasoma Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na inasema "nyanya" kwa namna ambayo Baba alitoka nje kucheka. Mama akisoma atalia. Baba atakohoa.

Nakuomba uwe wewe. Una sauti inayofika, na unasoma bila kukwama. Na kuna sababu nyingine. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwandikia maishani mwangu. Unajua.

Nijibu kabla ya mwisho wa Machi, wanataka jina la msomaji.

25 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Najua nimechelewa na najua ulisema mwisho wa Machi. Kwanza sindano ilinichoma kidole, kikavimba. Halafu zikaja sare za shule mia mbili na kumi, na cherehani kubwa ikakatika mkanda katikati ya kazi. Halafu fundi wa cherehani akafiwa. Yote hayo ni kweli, uliza yeyote.

Baba yako alinipigia simu jana. Hakunisalimu hata, akasema: "Dada, mtoto anakwenda kwenye sanduku la barua kila siku saa kumi na nusu. Kila siku. Kama hutaki, sema hutaki." Nilimjibu vibaya, kisha nikakaa na kulia juu ya sare za watu.

Sijui kwa nini umenichagua mimi. Wapo watu waliokutendea vizuri zaidi yangu, na sisemi hivi ili unibembeleze. Lakini umeniomba, na sitakubali ufukuzwe kazini kwa kukosa mdomo wakati mimi nimejaliwa wa kutosha watu watatu. Kama hawajampata mwingine, waandikie jina langu. Nitafika tarehe 18.

Sijawahi kuitwa kwenye usaili wa ofisi. Nivae nini?

Shangazi

29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Niliwaandikia jina lako tangu tarehe 31 Machi. Nilijua utakuja, sikujua lini.

Vaa nguo isiyo na vitu vinavyolia. Ile bangili acha nyumbani. Kaa kushoto kwangu. Skrini ya pili itakuwa mbele yako. Soma nilichoandika. Usiongeze, usipunguze. Nikinyamaza, nawe nyamaza. Nikitazama dirishani nasikiliza, usinishike bega.

Paka asiye na mkia amebaki kwetu, wenzake wamepata nyumba.

27 Mei

Mwanangu mpenzi,

Nimefika salama. Nimemkuta Mpiga Pasi mzima, karakana nzima, kola mbili si nzima. Mwambie wifi yangu lile gauni limemkaa, asijisingizie.

Nakuandikia ingawa tulikuwa pamoja siku tatu, kwa sababu tukiwa pamoja nilizungumza mno na sikusema kitu.

Nianze na maabara. Ulinivalisha koti jeupe linalobana kwapani (mshono wa hovyo, nitakushonea jingine), ukanikalisha kwenye kigoda, ukanielekeza jicho. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu ukazungusha kile kigurudumu, na loo! Mwanangu! Nimeshona lesi za maharusi, nimeshika hariri ambayo bei yake sikuthubutu kuuliza, na sijawahi kuona kazi kama ile. Vitundu vile! Safu zile! Na vilikuwa hai, kimoja kilipita taratibu kama mtu anayekwenda zake. Nilitoa jicho nikakutazama wewe. Ulikuwa umegeukia dirisha unatikisa vidole vyako vile unavyovitikisa ukifurahi. Zamani nilikuwa nakushika mikono uache. Mungu anisamehe, nilikuwa nakushika mikono.

Sasa usaili. Baba yako anataka nimweleze, nikasema nitamwandikia kwanza mwenye usaili. Unajua yote yaliyotokea pale, lakini hujui yalivyokuwa upande wa kushoto.

Yule mama wa utumishi alipowasha kinasa sauti, taa nyekundu ikaniangalia kama jicho la mkwe. Akasema, "Karibu, jieleze." Nikasikia vidole vyako, tap tap tap, vyepesi, na maneno yakatokea mbele yangu: Natazama maji. Huu ni mwaka wa nne hapa. Sijakosa siku hata moja. Basi. Hivyo tu! Nikaona hii ni aibu, watasema mtoto wetu hana adabu. Nikakohoa nikaanza: "Waheshimiwa wazee wangu, kwanza kabisa natoa shukrani zangu za dhati kwa kunipa nafasi hii adhimu ya kufika mbele yenu..." Ukagonga meza kwa kidole mara mbili. Maneno mengine yakatokea, nami kwa kuwa nilishaambiwa nisome nikayasoma kwa sauti ileile ya juu: "Shangazi, sikuandika hivyo. Soma kama nilivyoandika."

Nikasikia nilichokisoma baada ya kukisoma. Yule Mhandisi wa maji aliyekaa kando ya mama wa utumishi alicheka mpaka akavua miwani. Na yote hayo yameingia kwenye kile kinasa sauti, yatakaa kwenye kabati la serikali mpaka mimi nife.

Baada ya hapo niliogopa hata kuvuta pumzi isiyoandikwa.

Halafu Mhandisi akawa si wa kucheka tena. Akasema, "Binti, siku moja maji yatachafuka, na dakika moja itakuwa uhai wa watu. Wewe hupigi simu. Tutafanyaje?" Nikajua ndipo wanapokufukuzia. Wewe ulitazama dirishani. Ukatazama, ukatazama, nami sikukushika bega, lakini mkono ulitaka. Kisha vidole vikaanza, nikasoma: "Tarehe 3 Novemba, saa mbili na dakika kumi asubuhi, niliona matope kwenye chupa ya saba. Saa mbili na dakika kumi na moja ujumbe wangu ulikuwa umefika kwa watu sita, na wewe ni mmoja wao. Koki ilifungwa saa mbili na dakika kumi na nne. Mlinzi wa tangi naye aliyaona matope. Yeye alipiga simu. Saa mbili na dakika kumi na nne alikuwa bado anaulizwa habari za nyumbani."

Mhandisi akasema polepole, "Ni kweli. Niliupata nikiwa napiga mswaki."

Na lile la mwisho, walipouliza kwa nini unataka kubaki. "Kwa sababu tone moja la maji lina vitu vingi kuliko nitakavyoweza kuvitazama maisha yangu yote, na nimeshaanza." Hapo sauti yangu ilikatika. Sikuongeza neno, lakini ilikatika, na kama hilo ni kuongeza nisamehe.

Mwanangu, miaka sitini na moja nimesema maneno yangu mwenyewe, mengi mno, na mengi ya bure. Siku ile kinywa changu kilibeba ya mtu mwingine, na kila neno lilikuwa limekatwa sawasawa, halina uzi unaoning'inia. Nilikuwa naogopa na nafurahi kwa pamoja. Nilikuwa nikikusikia. Ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta kwenye simu mara sita, na ilikuwa ikitoka kwangu.

Nisamehe kwa haraka yangu pale kituoni. Basi lilikuwa linaondoka, na ulichoniandikia kwenye simu yako sikuweza kukisoma, sikuwa na miwani.

Wakikujibu niambie siku hiyohiyo.

Shangazi yako

9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo. Mama anavaa lile gauni hata akipika. Paka anapanda pazia. Ofisi haijajibu. Nimesafisha hadubini mara mbili leo ingawa ilikuwa safi.

Ulisoma vizuri. Kuanzia jibu la pili sikukusikia wewe, nilijisikia mimi. Sikujua kwamba nina sauti nene namna hiyo.

Miwani ilikuwa kichwani kwako, Shangazi. Ile yenye kamba ya kijani.

Naandika tena swali nililokuandikia kituoni. Nilipokuwa na miaka saba Mama alilazwa, nikaletwa kwako. Siku ya tatu nilikuwa na kiu. Nilionyesha mtungi. Ukasema, "Sema naomba maji." Sikuweza. Ukasema nina kiburi, ukaniingiza chumba cha nyuma, ukafunga kwa komeo, ukasema sitoki mpaka niseme. Dirisha lilikuwa juu. Kulikuwa na jua, halafu likahama ukutani. Kulikuwa na chaki yako ya bluu sakafuni. Nikakuandikia ukutani. Nilipomaliza nilikaa nikangoja, na baada ya muda mlango ukafunguka, ukanipa maji. Nilikunywa vikombe vitatu.

Siku ile nilijua kwamba nikiandika, mlango unafunguka. Nyumbani walinificha penseli kwa sababu nilikuwa nazitafuna, nikaandika kwa kidole kwenye vumbi na kwenye dirisha lenye mvuke, hakuna aliyeangalia. Lakini sikuacha, kwa sababu nilijua mtu mmoja alishanisoma. Nilipofika miaka tisa mwalimu akaniweka mbele ya kompyuta, na tangu hapo naandika.

Ndiyo maana nilikuchagua. Sina hasira ya komeo, au ninayo kidogo. Nataka kujua ulipoisoma ulifikiri nini. Hujawahi kusema.

1 Julai

Mwanangu,

Sitaanza na habari za nyumbani leo. Nikianza nazo sitafika.

Sikuisoma.

Nimeandika na kuchana karatasi nne kabla ya hii. Katika moja nilikuambia kwamba niliisoma, nikalia, nikafungua. Ilikuwa barua nzuri sana. Lakini uliniambia nisiongeze, na hilo lingekuwa la kuongeza kuliko yote.

Nilifungua mlango kwa sababu mteja alikuja kuchukua suruali, na suruali ilikuwa mle ndani. Hiyo tu. Kulikuwa na giza giza, nikakuona umekaa, midomo imekauka, roho ikanishtuka, nikakukimbizia maji. Ukutani sikuangalia. Asubuhi baba yako akakuchukua. Nikaingia mle kutafuta kitambaa, jua likiwa limepiga ukuta, ndipo nikaona.

Nilikaa sakafuni, mwanangu. Mtoto wa miaka saba ambaye hakuna aliyemfundisha herufi hata moja. Madaktari walisema hajui, baba yako alisema hajui, mimi nilisema hajui. Na mistari ilikuwa imenyooka, na kosa hata moja hapana. Unajua nini kilichonimaliza? Ile S ya mwanzo ilikuwa na mkia unaojikunja kwa ndani. Hakuna anayeandika S hivyo ila mimi, kwenye daftari la vipimo vya wateja. Ulikuwa chini ya meza yangu unapanga vifungo, na ulikuwa unasoma daftari langu. Ulijifunza kuandika kwangu. Na mimi sikujua hata kwamba unatazama.

Nilipaswa kukimbia kwa kaka yangu siku ileile niseme, mtoto wako anaandika! Lakini angeniuliza aliandika wapi, na kwa nini, na mlango ulikuwaje. Nikaona aibu. Nikalivuta lile kabati kubwa mbele ya ukuta, peke yangu, na mgongo huu haujapona tangu siku hiyo. Nilijiambia watagundua wenyewe. Wakagundua baada ya miaka miwili. Miaka miwili ulikaa bila kitu cha kuandikia na mimi najua. Hilo la komeo nililifanya kwa ujinga, nilidhani nakusaidia. La kabati nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Ndilo sikuweza kulisema, na ndiyo maana barua yako ya kuniomba nikusomee sikuijibu mpaka Aprili inakwisha.

Ukaja kuniambia nimekuwa msomaji wako wa kwanza.

Jumamosi niliwaita Mpiga Pasi na Mama Vifungo, tukatoa vitambaa vyote, tukavuta kabati. Niliwaambia watoke, na nilifunga mdomo, sijawasomea. Chaki bado ipo. Nimeisoma kwa sauti, peke yangu, kama ulivyoandika:

Shangazi naomba maji.
Sauti haitoki.
Naomba nitoke mimi.

Sikuongeza. Sikupunguza. Ilinichukua muda mrefu kwa mistari mitatu.

Kisha nikachukua chaki, nikaandika chini yake jibu. Maneno mawili tu, na wewe unajua kwangu mawili ni kazi: Nimeisoma. Nisamehe. Komeo la mlango ule nimeling'oa, liko hapa mezani, sijui nilitupe wapi.

Mwezi wa Juni umekwisha na sijui kama umerudisha ufunguo. Hata ukikaa bila kuniandikia tena, nitaelewa.

Shangazi yako

12 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, Mama hajambo, paka hajambo.

Sikurudisha ufunguo. Barua ya ajira ilikuja tarehe 26 Juni. Chini yake Mhandisi ameandika kwa mkono: "Msomaji asiongeze maneno." Mkuu wa maabara anasema ule ni utani. Nimeukubali.

Barua yako ilifika siku saba zilizopita. Siku nne nilikuwa na hasira. Nilihesabu miaka miwili kwa siku, ni mia saba na thelathini, na nilizikumbuka nyingi. Baba nimemwonyesha, kwa hiyo atakupigia simu, na hatakusalimu. Siku ya tano nilirudi kazini nikaweka tone la mto chini ya hadubini, na vile vitu vilikuwepo, vimepanga vitundu vyao, kama vilivyokuwa kabla sijajua kuvitazama.

Nimekuwa nikidhani mlango ulifunguliwa na maandishi. Kumbe ilikuwa suruali. Nimelifikiria sana hilo na limenichekesha, hata Mama alikuja kuangalia kuna nini. Miaka kumi na saba nimeandika kwa kuamini kitu ambacho hakikutokea, na watu wakanisoma kweli. Mwalimu alinisoma. Ofisi ilinisoma. Mhandisi alinisoma akiwa anapiga mswaki. Sasa na wewe.

Hilo jina la Chiriku naweza kubaki nalo. Sasa linanifaa.

Komeo usilitupe, niletee, ni chuma kizuri, nitalizuilia dirisha la maabara lisijifunge. Na ule ukuta usiupake rangi. Nitakuja tarehe 3 Agosti kwa basi la asubuhi nisome jibu langu mwenyewe. Usiongeze neno mpaka nifike.

Niwekee maji.

Chiriku